Mpangaji Wangu wa Kwanza na Mita Ambayo Sikuisoma

Mwalimu alinipigia simu mwishoni mwa Januari, jioni, nikiwa ndio natoka kazini Dodoma. Alisema amepata uhamisho wa kwenda Songea na anatakiwa kuripoti mwanzoni mwa Machi, kwa hiyo ananipa notisi ya mwezi mmoja kama mkataba unavyotaka. Akanishukuru kwa miaka miwili waliyoishi kwangu, yeye, mkewe na mapacha wao. Nami nikamshukuru, nikamtakia heri, nikakata simu nikiwaza jambo moja tu: nitampata wapi mpangaji mwingine kabla Aprili haijaisha.

Nyumba yenyewe iko Goba, Dar es Salaam. Niliijenga kidogo kidogo nikiamini nitaishi humo, kisha kazi ikanihamishia Dodoma hata rangi haijakauka. Vyumba vitatu, sebule, jiko, na uani kuna kijumba cha chumba kimoja na choo chake. Dalali ndiye aliyemleta Mwalimu, akachukua chake cha mwezi mmoja kama ilivyo desturi. Kodi tulikubaliana 350,000 kwa mwezi, inalipwa miezi sita kwa mkupuo. Mkataba niliuchukua stationari, ule wa kurasa mbili unaojazwa majina kwenye nukta. Kuhusu maji na umeme ulikuwa na sentensi moja: "Mpangaji atalipia huduma za maji na umeme kwa muda wote atakaokuwa ndani ya nyumba."

Sentensi hiyo niliiona inatosha kabisa. Leo nikiisoma naona haisemi muda huo unaanzia namba ipi ya mita na unaishia namba ipi.

Mwalimu alihama Jumamosi, tarehe 28 Februari. Sikuweza kusafiri, nikamtuma mdogo wangu anayekaa Gongo la Mboto akapokee funguo. Alinipigia mchana: "Dada, wameshapakia, nyumba wameipiga deki, funguo ninazo. Kila kitu kiko sawa." Nikamuuliza kama vitasa vyote vinafunga. Vinafunga. Kama vioo ni vizima. Vizima. Habari za mita sikuuliza, naye hakuwa na sababu ya kuniambia. Akafunga milango, akafunga geti, akaenda zake.

Nilifika Goba mwenyewe Aprili, Ijumaa ya tarehe 10. Nilipanda treni ya SGR asubuhi, mchana nikawa nafungua geti. Nakumbuka kitu cha kwanza kilichonivutia ni migomba iliyoko nyuma ya nyumba, karibu na simtanki. Ilikuwa imenawiri kuliko nilivyowahi kuiona, majani mapana, ya kijani iliyokolea, na mmoja umeshatoa mkungu. Nikasema kimoyomoyo, mvua za mwaka huu zimekubali. Nikaingia ndani kunawa mikono. Bomba likakohoa, likatoa hewa, likanyamaza.

Nilitoka kwenda kwenye mita ya maji pale mbele karibu na geti, nikakuta imekatwa. Jirani yangu, mama mmoja mtu mzima ambaye huwa namwamkia shikamoo kabla ya neno lolote, aliniambia vijana wa maji walipita wiki iliyopita, wakagonga, wakakuta kumefungwa, wakafanya kazi yao. Nikaenda ofisini kwao nikiwa na namba ya akaunti. Deni: sh. 131,400. Bili ilikuwa imesomwa tarehe 17 Machi, na ujumbe wenye namba ya malipo ulikuwa umetumwa kwenye simu iliyosajiliwa kwenye akaunti.

Simu hiyo ilikuwa ya Mwalimu. Mimi mwenyewe ndiye niliyeomba ibadilishwe kuwa yake alipoingia, ili bili zimfikie moja kwa moja, nisiwe nazipokea Dodoma na kumtumia kila mwezi. Lilikuwa wazo zuri. Sikufikiria lini itarudi kuwa yangu.

Pale pale kwenye ngazi za ile ofisi, jua la saa tisa likinipiga, nikampigia Mwalimu. Nilikuwa na njaa, nina mpangaji mpya anayekuja kuangalia nyumba kesho yake, na nina hasira. Hata salamu tulizifupisha.

"Mwalimu, niko Goba. Maji yamekatwa. Umeniachia deni la laki moja na thelathini."

"Dada, mimi? Ya Februari nililipa, risiti ninayo."

"Hii ni ya Machi na ujumbe umekuja kwenye simu yako. Ulishindwa hata kuniambia? Mtu mzima hahami akaacha deni la watu."

Alikaa kimya kidogo. Akasema ujumbe aliuona, ila alipoona kiasi kikubwa vile alidhani mpangaji mpya ameshaingia na familia kubwa, akajua bili ni ya huyo mpya, si ya kwake tena. Kisha akaniambia kwa sauti ileile ya upole aliyokuwa nayo siku zote: "Dada, naomba unipe nusu saa. Madaftari yangu bado yako kwenye maboksi."

Haikupita nusu saa. Ilikuja picha kwenye WhatsApp. Ukurasa wa kaunta buku, umepigwa mistari kwa rula, wino wa bluu. Safu ya kwanza tarehe, ya pili "Maji", ya tatu "LUKU", yaani umeme wa kulipia kabla. Kila mwisho wa mwezi kwa miaka miwili Mwalimu alikuwa ametoka nje akasoma mita zote mbili na kuandika. Mstari wa mwisho ulisema: 28 Februari, maji 412, LUKU uniti 46 zimebaki. Pembeni, kwa herufi ndogo: "siku ya kuhama, saa 4 asubuhi."

Nikachukua bili na kuiweka kando ya picha ile. Bili ilisema usomaji uliopita, wa tarehe 17 Februari, ulikuwa 405. Usomaji wa 17 Machi, 489. Jumla uniti 84, na uniti moja ya maji ni lita elfu moja. Katika hizo 84, za Mwalimu zilikuwa 7, kutoka 405 hadi 412. Zile 77 zilipita kwenye mita wakati nyumba imefungwa na funguo ziko Gongo la Mboto.

Nilikuwa bado nazitazama namba hizo simu ikalia mlio wa ujumbe. Nimepokea sh. 11,000 kutoka kwa Mwalimu. Alikuwa amepiga hesabu ya uniti zake 7 kwa bei ya bili ile ile, akajumlisha kufikia elfu kamili. Chini akaandika: "Hizi ni zangu dada, nilisahau kuziacha kwa mdogo wako. Samahani."

Nilikaa kwenye ngazi zile nisijue nimjibu nini.

Nililipa deni na gharama ya kurudishiwa huduma, na kesho yake asubuhi vijana wa maji wakaja. Nilikuwa nimemwita na fundi bomba wangu. Baada ya maji kurudi, fundi aliniambia nifunge kila bomba ndani, nje, chooni, hadi la kijumba cha uani. Nikafunga. Akainua kifuniko cha mita na kupangusa kioo kwa kidole gumba. "Njoo uangalie hapa, mama." Kati ya zile namba kuna kigurudumu kidogo chenye umbo la nyota, hakizidi ukubwa wa punje ya mahindi. Kilikuwa kinazunguka. Hakuna mtu anayechota tone, na kinazunguka haraka haraka kama kimetumwa. "Maji yanakwenda mahali," akasema fundi. "Tuyafuate."

Tuliyafuata hadi nyuma ya nyumba, kwenye simtanki. Boya lilikuwa limekatika kwenye mkono wake na kuelea peke yake juu ya maji, kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kuifunga koki tangi linapojaa. Maji yalikuwa yanapanda hadi kwenye bomba la kumwagia ziada, yanashuka taratibu kwa ukuta, bila kelele, moja kwa moja kwenye migomba. Ardhi pale ilikuwa laini hadi kandambili zikazama. Mimi nilisimama hapo hapo jana yake nikaishukuru mvua.

Boya jipya na kazi ya fundi havikufika hata elfu arobaini. Bili ya Machi na ile ya Aprili iliyokuja baadaye, kwa sababu maji yaliendelea kumwagika mpaka siku walipokata, zikijumlishwa zilikaribia laki mbili na nusu. Na yote yangezuilika kwa kufunga koki kuu iliyoko kando ya mita. Inazungushwa kwa mkono mmoja. Mdogo wangu alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale alipokuwa anafunga geti.

Simlaumu. Hakuna aliyemwambia. Sisi wengi tunaofikia kupangisha tumewahi kuwa wapangaji, na mpangaji anayejua kuhama anajua kupakia, kufagia na kurudisha funguo. Upande wa pili wa mlango hatufundishwi. Nimezungumza na wenzangu kadhaa wenye nyumba tangu wakati huo na karibu kila mmoja ana hadithi ya deni alilokuta, na karibu kila mmoja ana hakika aliyeliacha ni mpangaji. Inawezekana ni kweli kwa wengi. Mimi ningeapa vivyo hivyo kama si kaunta buku ya Mwalimu.

Suala la umeme lilinifundisha kwa namna nyingine. Kwa LUKU watu husema hakuna deni, kwa kuwa mtu ananunua kwanza ndipo atumie. Ni kweli kwa sehemu. Lakini mita inabeba mambo mengine. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, na kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa kiwango kilipanda kutoka sh. 1,000 hadi sh. 1,500 kwa mwezi mwaka 2023. Anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Anayedaiwa kodi hiyo ni mwenye jengo. Kwa miezi 24 Mwalimu alinunua umeme, na kila mwezi akalipa sh. 1,500 ambazo ni zangu. Ni sh. 36,000. Hakuwahi kunitajia, wala mimi sikuwahi kuuliza. Nilivyonunua umeme Aprili nikakatwa ya miezi miwili ambayo nyumba ilikaa tupu, ndipo nikaiona kwenye risiti kwa jina lake, na nikaona aibu. Wapangaji wengi wanayachukulia makato hayo kama sehemu ya bei ya umeme. Sisi wenye nyumba tunajua, au tunapaswa kujua.

Halafu kuna uniti zinazobaki. Uniti zikishaingia kwenye mita hazihamishiki, mpangaji hawezi kuzibeba kwenda nazo Songea. Mwalimu aliacha 46. Nilipofika mimi zilibaki 27, kwani mdogo wangu aliacha taa ya nje ikiwaka usiku na mchana kwa usalama. Yaani nyumba yangu ililindwa kwa mwanga alioununua Mwalimu.

Jambo la bei nililijua kwa sababu ya mpangaji mpya, dada mmoja muuguzi anayeishi na mama yake. Swali lake la kwanza baada ya kuona vyumba lilikuwa, "Hii mita iko kwenye uniti za bei gani?" Nilibabaika. Wateja wa nyumbani ambao matumizi yao hayazidi uniti 75 kwa mwezi wamewekwa kwenye bei ya chini, sh. 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Wanaotumia zaidi wanahamishiwa kwenye bei ya kawaida, ambayo ni karibu mara tatu. Familia ya watoto wawili, friji na pasi, Mwalimu alishapita uniti 75 zamani, kwa hiyo mita ilikuwa bei ya juu. Dada huyu na mama yake wanatumia kidogo sana, lakini wangeanza maisha yao pale kwa bei iliyotokana na matumizi ya familia nyingine, mpaka waombe ibadilishwe. Nikamwambia ukweli. Afadhali ajue mlangoni kuliko kuja kujua akiwa ameshalipa miezi sita.

Kijumba cha uani kina LUKU yake, na hiyo ndiyo iliyonitoa jasho Jumamosi ile. Kilikaa tupu tangu kabla ya Novemba 2024, wakati mita zote za LUKU zilipotakiwa kuboreshwa ili ziendelee kupokea tokeni, zile namba unazotumiwa ukinunua umeme. Nikanunua umeme wa sh. 5,000, ujumbe ukaja mrefu kuliko kawaida, nikachukua namba 20 za mwisho nikaziingiza. Ikakataa. Nikarudia. Ikakataa. Nilishaanza kutafuta simu ya fundi umeme ndipo kijana wa jirani akaniambia, "Mama, ziko tatu hapo. Ingiza ya kwanza, halafu ya pili, ndipo uweke ya tatu." Mbili za mwanzo ni za kuiboresha mita, ya tatu ndiyo umeme wenyewe. Namba sitini nilizibonyeza nikiwa nimechuchumaa kwenye kivuli cha ukuta, kijana akinisomea nne nne. Taa ikawaka. Kama una chumba kimekaa bila mtu miaka miwili, ijaribu mita yake kabla hujampokea mtu hela.

Kuhusu amana, nimelifikiria sana. Wako walionishauri nianze kudai mwezi mmoja wa ziada kama dhamana ya bili. Nimekataa. Mtu anayekuja kupanga Dar anatafuta kodi ya miezi sita kwa pamoja, anamlipa dalali, anakodi gari la kuhamisha vyombo. Kumwongezea mzigo wa 350,000 kwa sababu ya deni ambalo linaweza kujulikana kwa dakika mbili za kusoma mita, kwangu mimi si haki. Njia niliyoichagua ni kusoma siku ya kuhama, wote wawili mbele ya mita, kutoa namba ya bili ya mwisho kwenye namba ya siku hiyo, kuzidisha kwa bei ya uniti iliyoko kwenye bili hiyo ya mwisho, na anayehama analipa hapo hapo. Hela ya uniti za LUKU zilizobaki namrudishia mimi. Kodi ya jengo naipunguza kwenye kodi ya pango tangu mwanzo, sh. 18,000 kwa mwaka. Na simu kwenye akaunti ya maji inarudi kuwa yangu siku ile ile, kabla sijapanda treni.

Yapo madogo niliyoyakuta pia. Vijana wa taka walikuja na daftari lao wakidai miezi miwili, nikawalipa, maana gari lao lilipita hata kama nyumba haikutoa taka. Soketi moja ya jikoni imeungua pembeni na hakuna anayejua iliungua lini, kwa kuwa hatukuandika hali ya nyumba Mwalimu alipoingia. Niliibadilisha kwa hela yangu, na sikuwa na la kumuuliza mtu.

Jumapili jioni nilimpigia Mwalimu. Safari hii salamu zilikuwa ndefu, nikamuuliza mapacha wameipokeaje shule mpya, baridi ya Songea wanaionaje. Kisha nikamwambia boya lilikatika, maji yalimwagika kwangu na deni ni langu. Nikamwambia neno nililomtamkia Ijumaa halikuwa la kumwambia mtu kama yeye, na kwamba naliomba radhi. Akasema, "Dada, yamepita." Nikamwambia hayajapita mpaka nimalize. Nilimtumia sh. 52,500: 36,000 za kodi ya jengo na 16,500 za uniti 46 alizoziacha. Zile 11,000 nilizipokea, maana maji ya uniti 7 alitumia kweli, na nilihisi kumrudishia kungekuwa kama kusema hesabu yake haina maana.

Baada ya muda mkewe, Mama Mapacha, aliniandikia. Alitaka kujua kama ule mgomba wa kona, alioupanda yeye, umeshazaa. Nikampigia picha mkungu.

Mpangaji mpya aliingia Mei mosi. Nilisafiri tena kwa ajili ya hilo tu. Kabla vyombo havijashushwa, mimi, yeye na mama yake tulisimama mbele ya mita ya maji, mabomba yote yamefungwa. Nikapangusa kioo kwa kidole gumba kama fundi alivyofanya. Kile kigurudumu kilikuwa kimetulia. "Soma wewe," nikamwambia. Akainama akasoma kwa sauti, mia tano sitini na nane, na mama yake, ambaye nilidhani amekuja kutusindikiza tu, akatoa kalamu kwenye mkoba na kuandika kwenye kiganja chake.